Punguzo la Kodi Humfikia Mwenye Daftari

Kila mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha wa Uganda anapomaliza kusoma bajeti, watu wa Arua na Koboko huulizana: safari hii wametupunguzia nini, na wametuongezea nini? Swali ni la haki, ila halijakamilika. Kodi ikipunguzwa Kampala, shilingi iliyosamehewa haiji yenyewe hadi jikoni kwa mtu wa Ayivu au Oraba. Hupitia kwa mwajiri, kwa mwenye duka la jumla, kwa afisa wa mapato, na kila inapopita inaweza kukwama. Nafuu ya kodi humfikia yule ambaye kazi yake, mauzo yake au pato lake limeandikwa mahali. Asiyeandikwa popote huendelea kulipa kodi kupitia bei za vitu, na punguzo linapotangazwa hana mkono wa kulipokea. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa upande wa kodi usemi huo unaweza kuhakikishwa kwa tarakimu. Makala haya yanaonyesha hesabu hizo, yanajibu pingamizi zinazosikika mara nyingi, na yanashauri hatua ambazo familia ya eneo letu la West Nile inaweza kuzichukua mwaka huu huu.

Kwanza tujue tunalipa kodi zipi, maana wengi husema hawalipi kodi kwa sababu hawajawahi kuingia ofisi ya mamlaka ya mapato, URA. Mwenye bodaboda anayejaza tangi kila asubuhi analipa ushuru uliomo ndani ya bei ya petroli. Mama anayenunua sabuni ya kiwandani analipa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya 18%. Anayetoa pesa za simu hukatwa 0.5% ya kiasi anachotoa, na anayenunua data ya intaneti analipa ushuru wa 12%. Chakula kisichosindikwa, kama muhogo, maharage na samaki wabichi, kimesamehewa VAT, na huo ni msamaha mkubwa kwa maskini. Hata hivyo mafuta ya lori lililokibeba chakula hicho yametozwa ushuru, na gharama hiyo imo ndani ya bei unayolipa sokoni. Kodi hizi hazimuulizi mtu kama ana kazi, ana watoto wangapi au ameuza nini wiki hiyo, na kwa kuwa hazimtambui mnunuzi, haziwezi kumpa yeye peke yake nafuu. Zikipunguzwa, muuzaji ndiye anayeamua kama bei itashuka. Kwa familia isiyo na mshahara wala biashara iliyosajiliwa, basi, kodi ya mapato inaweza kupunguzwa hata kwa nusu bila mfuko wake kuhisi lolote.

Wenye mishahara wako upande wa pili, kwa sababu wao wameandikwa vizuri kuliko wote. Mwalimu wa shule ya msingi ya serikali, muuguzi, dereva wa shirika na mlinzi wa benki hukatwa kodi ya mshahara, PAYE, kabla hawajaiona pesa. Mwaka 2012 serikali ilipandisha kiwango kisichotozwa kodi kutoka shilingi 130,000 hadi 235,000 kwa mwezi. Lilikuwa punguzo la kweli, na aliyekuwa na mshahara mdogo alilihisi. Lakini hadi mwaka wa fedha 2024/25 ngazi hizo zilikuwa bado ni zile zile: 10% kwa pato kati ya 235,000 na 335,000, 20% hadi 410,000, kisha 30% kwa kinachozidi hapo, na 10% zaidi kwa pato linalovuka milioni 10 kwa mwezi. Katika muda huo bei za vitu nchini zimepanda kwa zaidi ya nusu. Mshahara unaozidi 410,000 ukipanda ili kuifuata bei ya unga, nyongeza yote huangukia kwenye ngazi ya 30%, ingawa uwezo wa kununua haukuongezeka. Hapo Bunge halikupitisha sheria yoyote ya kuongeza kodi, wala hakuna aliyetangaza kitu. Kodi imekua kwa kuachwa ilivyo.

Tuifanye hesabu. Anayelipwa shilingi 500,000 kwa mwezi hutozwa 10,000 katika ngazi ya kwanza, 15,000 katika ngazi ya pili, na 27,000 katika ngazi ya tatu. Jumla ni 52,000 kila mwezi. Kama ngazi zote za 2012 zingesogezwa juu kwa nusu tu, yaani chini ya jinsi bei zilivyopanda, pato lisilotozwa lingefika 352,500 na mtu huyo angelipa 14,750. Tofauti ni 37,250 kwa mwezi, au 447,000 kwa mwaka. Kwa familia inayolipa karo na kununua madaftari, fedha hizo zinahisika. Majirani zetu hawakuziacha ngazi zao zilale muda wote huo. Tanzania ilipandisha kiwango kisichotozwa kutoka shilingi zake 170,000 hadi 270,000 mwaka 2020, na mwaka uliofuata ikashusha asilimia ya ngazi ya kwanza kutoka 9 hadi 8. Kenya, Aprili 2020, wakati wa janga la Covid-19, ilipandisha nafuu ya kila mfanyakazi hadi shilingi zake 2,400 kwa mwezi na kushusha kiwango cha juu kutoka 30% hadi 25%. Januari 2021 kiwango cha juu kilirudishwa 30%, lakini nafuu ile ya 2,400, ambayo humfaa zaidi mwenye kipato kidogo, ilibaki.

Jambo jingine la kulifahamu ni kwamba sheria ya Uganda humtoza kodi mtu mmoja mmoja. Haiulizi kama nyumbani kuna watoto sita, mzee mgonjwa au yatima wa ndugu. Kijana asiye na familia na mjane mwenye watoto sita, wakiwa na mshahara mmoja, hukatwa PAYE sawasawa. Nchi nyingine zina nafuu za kodi kwa ajili ya watoto, na zimetuachia funzo. Marekani iliipanua nafuu hiyo mwaka 2021, ikawapa hata wazazi ambao hawakuwa na kodi ya kutosha ya kupunguziwa, na kwa kipimo chao cha umaskini kinachohesabu misaada ya serikali, watoto maskini walishuka hadi 5.2%. Mpango ulipokoma, mwaka 2022 walipanda hadi 12.4%. Kilicholeta tofauti kubwa ni kwamba fedha zilimfikia hata yule asiyedaiwa kodi. Kwetu kazi hiyo hufanywa na matumizi ya serikali: dawa katika kituo cha afya, elimu ya msingi ya UPE, shilingi 25,000 za kila mwezi kwa wazee wenye miaka 80 na zaidi, na mfuko wa maendeleo wa parokia uliozinduliwa mwaka 2022. Kwa hiyo anayeishi kwa kilimo nje ya Koboko asiipime bajeti kwa punguzo la kodi pekee. Aulize pia dawa ziliongezwa au zilipunguzwa, kwa sababu huko ndiko nafuu yake iliko.

Historia ya karibuni inatufundisha tahadhari nyingine: kodi moja ikiondoka, tazama ni ipi imeingia mahali pake. Kodi ya kichwa ya zamani, iliyowafanya wanaume wengi wajifiche kila wakusanyaji walipopita, ilifutwa mwaka 2005, na wananchi walifurahi kwa haki. Lakini wilaya zilipoteza chanzo chao kikubwa cha mapato, zikazidi kutegemea ruzuku kutoka Kampala, na mwaka 2008 ikaja kodi ya huduma za mitaa, inayokatwa kwa wafanyakazi hadi shilingi 100,000 kwa mwaka. Mwaka 2018 ilianzishwa kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, pamoja na 1% kwenye miamala ya pesa za simu. Wananchi walipaza sauti, na kabla ya mwaka kwisha ile ya pesa za simu ikashushwa hadi 0.5%, tena kwa kutoa pesa peke yake. Julai 2021 kodi ya mitandao ikafutwa. Mwezi huo huo ukaanza ushuru wa 12% kwenye data, na ushuru wa petroli na dizeli ukaongezwa shilingi 100 kwa lita. Aliyesikia habari ya kufutwa tu alidhani amepona. Aliyesoma ukurasa mzima alijua kwamba mzigo umehamia begani pengine. Kwa mji kama Arua, ambao bidhaa nyingi za dukani huletwa kutoka Kampala kwa lori, shilingi 100 ya dizeli inamgusa hata asiyemiliki gari.

Hayo yote hayako mikononi mwa mtu mmoja, lakini upande wa daftari uko mikononi mwake. Sheria ya sasa ya biashara ndogo, tangu Julai 2020, inasema kwamba mwenye mauzo yasiyozidi milioni 10 kwa mwaka halipi kodi ya mapato ya biashara hiyo. Kati ya milioni 10 na 30, mwenye kumbukumbu hulipa 0.4% ya kiasi kinachozidi milioni 10, na asiye na kumbukumbu hulipa 80,000 moja kwa moja. Kati ya milioni 30 na 50, mwenye kumbukumbu hulipa 80,000 pamoja na 0.5% ya kinachozidi milioni 30, naye asiye nazo hulipa 200,000. Chukua kioski cha Koboko kinachouza kwa 40,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Mauzo yake ni milioni 12. Akiwa na daftari, kodi yake ni 8,000 kwa mwaka mzima. Asipokuwa nalo ni 80,000, yaani mara kumi. Duka lenye mauzo ya milioni 35 hulipa 105,000 kwa kumbukumbu na 200,000 bila kumbukumbu. Ni kweli faida hiyo haiko sawa kila mahali. Mwenye mauzo yanayokaribia milioni 30 atalipa karibu kiasi kile kile kwa njia zote mbili. Lakini hata yeye anahitaji daftari, kwani bila hilo hawezi kuthibitisha kwamba hajavuka kuingia ngazi inayofuata. Vilevile mwenye mauzo ya milioni 8, ambaye sheria imemsamehe kabisa, hana cha kuonyesha afisa akikadiria kwamba anauza milioni 15.

Nafuu nyingine kubwa inayopotea West Nile imo kwenye kodi ya zuio. Serikali, halmashauri na mashirika yaliyoteuliwa, yanapomlipa mtoa huduma zaidi ya shilingi milioni 1, hukata 6% na kuipeleka URA kwa jina lake. Eneo letu lina wakandarasi wadogo wengi wanaokarabati madarasa, kutengeneza madawati au kuchapisha mabango kwa ajili ya mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Rhino Camp, Imvepi na Lobule. Fundi wa madawati aliyepata kazi ya milioni 5 hukatwa 300,000. Wengi huihesabu pesa hiyo kuwa imekwenda. Haijaenda popote: ni malipo ya kodi aliyokwisha kuyafanya, na sheria inaruhusu yatolewe kwenye kodi yake ya mwaka. Fundi huyo akiwa na mauzo ya milioni 25 kwa mwaka na kumbukumbu kamili, kodi yake ni 60,000. Amekwisha kulipa 300,000, kwa hiyo ana haki ya kudai 240,000 zilizozidi. Kinachotakiwa ni namba yake ya mlipakodi, cheti cha zuio kutoka kwa aliyemlipa, na ritani, yaani taarifa ya mapato yake ya mwaka. Asipokuwa na cheti au asipopeleka ritani, hizo 240,000 zinabaki serikalini, wala hakuna mtu atakayemtafuta ili amrudishie.

Wafanyakazi wa mikataba mifupi nao wayapime mambo yao kwa jicho hilo. Mwajiri huhesabu PAYE mwezi kwa mwezi, kana kwamba mtu atafanya kazi miezi yote 12. Ngazi za sheria zenyewe ni za mwaka, na kisichotozwa ni 2,820,000 kwa mwaka unaoanza Julai na kuishia Juni. Mtu aliyefanya kazi miezi minne kwa 900,000 hukatwa 172,000 kila mwezi, jumla 688,000. Lakini kama hakupata pato jingine mwaka huo, pato lake lote ni 3,600,000, na kwa ngazi za mwaka kodi yake ingekuwa 78,000. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuachwa bila kuulizwa. Mwenye hali hii achukue hati zake za mshahara na uthibitisho wa kodi aliyokatwa, aende ofisi ya URA Arua, na aombe hesabu yake ya mwaka ipitiwe kwa maandishi. Mwenye kazi mbili naye ana sababu ya kwenda, kwa kuwa mwajiri wa pili hukata 30% bila kumpa ngazi za chini. Ritani ya mwaka ndiyo huziweka kazi zote mbili kwenye hesabu moja.

Kuna nyumba za kupangisha pia, akiba inayopendwa na familia nyingi za mjini Arua. Tangu Julai 2022 mtu binafsi hutozwa 12% ya kodi ya nyumba anayopokea, baada ya kuacha 2,820,000 za kwanza kwa mwaka. Mwenye vyumba viwili vya 100,000 kila kimoja hupokea 2,400,000 na hadaiwi kitu. Mwenye vitatu hupokea 3,600,000 na hudaiwa 93,600. Chumba kikikaa miezi mitatu bila mpangaji, deni linashuka, ila kwa mwenye mkataba na risiti zinazoonyesha hivyo. Kwa biashara mpya, kuanzia Julai 2025 raia anayeanzisha biashara yenye mtaji usiozidi milioni 500 anaweza kusamehewa kodi ya mapato kwa miaka mitatu. Ni fursa nzuri kwa vijana, lakini wasiielewe kupita kiasi. Msamaha huo hauondoi VAT kwenye bidhaa wanazonunua, wala PAYE ya wafanyakazi wao, na haumfikii aliyekataa kujisajili. Mpakani mambo ni hayo hayo. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na Kongo mwaka 2022, na utaratibu wa Jumuiya kwa wafanyabiashara wadogo huruhusu shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000, yenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya na zilizomo kwenye orodha, ipewe cheti chepesi cha asili mpakani ili isitozwe ushuru wa forodha. Anayepitia Vurra au Oraba akiulizia cheti hicho ana njia ya kuipata nafuu yake. Anayepita njia za panya huilipia kwa hongo, kwa hofu, na mara nyingine kwa mali yote kukamatwa.

Wapo watakaosema: nikijisajili nitaonekana, na nikionekana nitaandamwa. Hofu hii ina msingi, na si busara kuidharau. Ila tuipime kwa tarakimu tulizoziona. Mwenye kioski cha milioni 12 anayejificha anakwepa 8,000 kwa mwaka. Kwa kukwepa huko anajinyima cheti cha zuio, zabuni za halmashauri, mkopo wa benki unaotaka kumbukumbu, na kinga ya kuonyesha daftari afisa anapokuja na makadirio ya 80,000. Na kujificha kwenyewe kunazidi kuwa kugumu, kwani manispaa humjua kwa leseni, na sheria za mwaka 2025 zimeruhusu namba ya kitambulisho cha taifa itumike kama namba ya mlipakodi. Kwa mwenye biashara ndogo kabisa, kujiandika ndiko hulinda msamaha ambao tayari ni wake. Mwenye biashara kubwa atalipa zaidi akionekana, hilo halifichiki, na ni haki alipe.

Wengine watasema kuandika ni kazi ya waliosoma, na akina mama wengi wa sokoni hawana muda wala shule. Ugumu huo ni wa kweli, lakini daftari linalohitajika ni jepesi kuliko linavyodhaniwa: tarehe, kilichouzwa, kilichonunuliwa, na kilichotumika kwa usafiri, ushuru wa soko na umeme. Tarakimu ni zile zile kwa anayesema Kilugbara, Kikakwa, Kinubi au Kiswahili, na mtoto aliye darasa la sita anaweza kuziandika jioni mama akimtajia. Vikundi vya akiba, ambavyo West Nile vimejaa na tayari vinatunza vitabu vya michango, vinaweza kumlipa karani mmoja apitie madaftari ya wanachama mara moja kwa mwezi. Gharama hiyo ikigawanywa kwa watu 20 ni ndogo kuliko adhabu ya mmoja wao.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kuna faida gani kulipa au kudai kwa utaratibu, ikiwa fedha zinaliwa juu? Anayesema hivyo hasemi uongo kuhusu ubadhirifu. Lakini hitimisho lake linamdhuru yeye mwenyewe. Kodi ya petroli na sabuni ataendelea kulipa hata akikasirika. Kilicho hiari yake ni kudai kinachomrudia, na asipodai, anaacha fedha zake kwa wale wale anaowalalamikia. Tena mwenye hati ana nguvu ya kuuliza. Mfanyakazi anayeona kwenye hati yake ya mshahara kwamba alikatwa 30,000 za huduma za mitaa kati ya Julai na Oktoba anaweza kusimama katika mkutano wa baraza la Jiji la Arua au Manispaa ya Koboko na kuuliza fedha hizo zimefanya barabara ipi. Asiyejua alikatwa kiasi gani atauliza nini?

Mwisho wapo wanaopinga kusogezwa kwa ngazi za PAYE, wakisema kwamba tajiri naye atafaidi na hazina itapungukiwa. Tuchukue anayelipwa milioni 9 kwa mwezi. Ngazi zote zikisogezwa kwa nusu, ataokoa 49,000, na wa 500,000 ataokoa 37,250. Kwa shilingi wanakaribiana, lakini kwa tajiri huyo ni karibu nusu asilimia ya mshahara, na kwa mfanyakazi mdogo ni zaidi ya asilimia saba. Nafuu chache za kodi zina uwiano mzuri namna hiyo. Kuhusu hazina, ni kweli kwamba PAYE ni nguzo ya mapato ya serikali, na pengo lazima lizibwe. Lakini mwaka 2016 Bunge lilizisamehe kodi posho za wabunge wenyewe, na kila mwaka Wizara ya Fedha hutoa ripoti ya mapato yanayoachwa kwa sababu ya misamaha. Nchi inayoweza kusamehe hayo haiwezi kusema haina pa kuanzia inapofika zamu ya mwalimu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Ukiwa na mshahara, dai hati yako kila mwezi na uihesabu PAYE mwenyewe kwa ngazi zilizotajwa hapa, au kwa zile zitakazotangazwa Julai. Kodi ya huduma za mitaa uliyolipa hutolewa kwenye pato kabla ya PAYE kuhesabiwa, kwa hivyo hakikisha mwajiri amefanya hivyo. Michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, haipunguzi PAYE, lakini pamoja na 5% yako mwajiri anadaiwa kuweka 10% yake, na tangu 2022 wajibu huo ni wa kila mwajiri hata mwenye mfanyakazi mmoja, hivyo kagua akaunti yako usije ukagundua pengo siku ya kustaafu. Ukiwa na biashara, anza daftari tarehe 1 Julai, peleka ritani kabla ya 31 Desemba baada ya mwaka kufungwa, na tunza karatasi kwa miaka 5. Ukilipwa zaidi ya milioni 1 na taasisi, usiondoke bila kuomba cheti cha zuio. Na bajeti inaposomwa, kwa kila punguzo utakalosikia jiulize kodi hiyo ni ipi, nani huikata, kama ni lazima uombe, na kodi gani imepandishwa siku hiyo hiyo.

Wakati wa kusema pia una umuhimu wake. Hotuba ya Juni husomwa mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa, kwa kuwa makadirio na miswada ya kodi hufika bungeni kufikia tarehe 1 Aprili, na bajeti hupitishwa kufikia 31 Mei. Miezi hiyo miwili ndiyo ya kumfuata mbunge wako na ya vyama vya walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa West Nile kupeleka maoni yao kwa kamati ya fedha. Wapeleke dai moja lenye tarakimu: ngazi za kodi ya mshahara zisogezwe kila bei zinaposogea, na zisisubiri tena miaka 10. Kodi ya pesa za simu ilishushwa mwaka 2018 kwa sababu watu walijua wanakatwa kiasi gani, wakakitaja. Wafanyakazi wa Arua na Koboko wanaweza kufanya vivyo hivyo kuhusu mishahara yao, na hati zao za mwezi ndizo ushahidi wa kwenda nao.